Fremu Iliyokuwa kwa Mdenmaki

Saa nane mchana, mwezi wa pili, mji wote wa Tres Arroyos unalala. Mbwa wanalala, polisi wanalala, hata kengele ya kanisa inapiga kivivu. Mtu anayetembeatembea saa hiyo ama ni mwizi ama ana lake jambo. Ovidio Larralde hakuwa mwizi. Alikuwa fundi mstaafu wa mashine za kuvunia ngano, umri miaka sitini na tisa na miezi kumi, na mchana ule alikuwa akilizunguka gari lake kama kuku anayetafuta pa kutagia.

"Mzee!" mkewe Ofelia alipaza sauti kutoka chumbani. "Hebu lala! Hiyo fremu haitaota miguu ikaja yenyewe!"

"Nimelala."

"Umelala umesimama? Umekuwa punda?"

Ovidio alipita tena mbele ya gari, akalishika, akaliachia, akapita tena. Lilikuwa Chevy ya milango miwili, ya mwaka sabini na tatu, rangi ya bluu, imekaa juu ya stendi nne haina pua. Boneti limeegemea ukuta, injini inaning'inia kwenye mnyororo wa kapi. Miaka kumi na tisa Ovidio alikuwa akiitengeneza. Viti tayari, rangi tayari, injini inanguruma ukiigusa tu. Kilichobaki ni fremu ya mbele, kile chuma kinene kinachobeba injini na kushika magurudumu mawili ya mbele, ambacho hufungwa kwenye bodi kwa bolti. Fremu ikipinda, gari zima limepinda, hata ulipake rangi ya malaika.

Ya kwake ilikuwa imeoza. Mwezi wa kwanza aliigonga kwa nyundo ndogo akitaka kuipaka rangi, nyundo ikazama kama imegonga keki. Na nani alaumiwe? Yeye mwenyewe! Aliiacha nyuma ya banda, juu ya udongo mtupu, masika sita na baridi sita, huku yeye akihangaika kutafuta vishikio vya milango vya asili. Nasema hivi kwa sababu Ovidio mwenyewe alikuwa akijitukana kwa hilo kila siku, na mimi namuunga mkono.

Sasa, mtu angeuliza: miaka kumi na tisa amengoja, mwezi mmoja zaidi una nini? Lo! Mwezi mmoja ulikuwa ndio kila kitu. Novemba iliyopita daktari wa macho alimwambia kwamba lile doa la kijivu lililomkaa katikati ya macho halitaondoka. Litakua tu. Pembeni ataendelea kuona, lakini kile anachokitazama hasa, uso wa mtu, namba, gari linalokuja, kitazidi kumezwa. Na tarehe ishirini Aprili Ovidio angetimiza miaka sabini. Siku hiyo leseni yake inakwisha, na kuipata nyingine ni lazima usimame mbele ya ubao wa manispaa usome herufi. Ovidio hakuwa tena na uwezo wa kusoma hata bango la duka la mkate.

Hakumwambia mtu, hata mkewe. Alichotaka ni kimoja tu, na alikitaka mpaka kinamuuma kifuani: aiendeshe ile Chevy kwa mikono yake mara moja, kutoka pale nyumbani mpaka Claromecó, kilomita sabini, Ofelia pembeni yake, wafike kwenye mnara wa taa, waione bahari. Alimwahidi miaka kumi na tisa iliyopita. "Kiangazi kijacho, Ofelia." Viangazi vijavyo vimekuja kumi na tisa, na leseni ilikuwa imebakiza wiki tisa.

Basi alikuwa na fremu tatu za kuchagua. Ya kwanza ni ile yake iliyooza, ambayo angeweza kuichomelea viraka. Ya pili ilikuwa Bahía Blanca, kwa muuzaji mmoja aitwaye Salvatierra. Kwenye simu alisema imesafishwa kwa mchanga, imepakwa rangi, mpya kabisa. Ya tatu Ovidio hakuihesabu. Ilikuwa palepale mjini, nyuma ya reli, kwenye yadi ya vyuma chakavu ya Aksel Rasmussen, chini ya Chevy ya milango minne iliyopelekwa huko miaka mingi iliyopita ikiwa nzima nzima.

"Kesho naenda Bahía," alimwambia Ofelia jioni, wakinywa yerba, chai yetu chungu ya kibuyu.

"Na ile ya Mdenmaki?"

"Ipi?"

"Usijifanye mgeni. Mji mzima unajua iko pale."

"Kwa yule, bora nife."

Kwetu huku mtu huzaliwa na vitu viwili: jina la ukoo na chapa ya gari. Kuna nyumba za Ford na kuna nyumba za Chevrolet, na waliooana kutoka pande mbili Jumapili ya mashindano ya magari hula vyumba tofauti. Rasmussen, wa kizazi cha Wadenmaki waliokuja kulima ngano, kama Ovidio alivyokuwa wa kizazi cha Wabaski, alikuwa Ford tangu tumboni. Miaka ishirini na sita iliyopita yeye na Ovidio waliwekeana dau baani, mbele ya mashahidi thelathini: atakayeshindwa atavaa kofia ya mwenzake, atapanda gari la mwenzake, na kuzungushwa plaza Jumapili jioni, saa ile ambayo mji mzima huzunguka plaza polepole kwa magari ili kuonana na kuonekana. Ford ikashinda. Jumapili ilipofika, Ovidio akatuma ujumbe kwamba figo zinamuuma.

Mdenmaki alikaa ndani ya Falcon yake, gari la Ford, mbele ya baa mpaka giza likaingia, kofia ya pili ipo juu ya kiti. Tangu siku hiyo hakumsalimia Ovidio. Mwenye baa aliandika ukutani kwa chaki: *Larralde, mzunguko mmoja.* Maandishi yakifutika, anaandika upya. Asiyekubali kushindwa si mshindani, na Ovidio alilijua hilo, ndiyo maana baa yenyewe aliihama.

Safari ya Bahía Blanca ni karibu kilomita mia mbili. Ofelia aliamua kwenda naye, hakutoa sababu. Alishika chupa ya maji ya moto katikati ya magoti, akawa anamimina yerba na kumpa mumewe kibuyu. Ovidio aliendesha pikapu kichwa amekigeuza kidogo upande, kama mtu anayesikiliza habari ya jirani. Ndivyo alivyojifunza: ukitazama pembeni, barabara inabaki.

"Trekta!" Ofelia alipiga ukelele.

Alikanyaga breki kwa miguu yote miwili. Chupa ikaruka, maji yakamwagika sakafuni. Mbele yao, karibu kiasi cha kuligusa, trekta lilikuwa likijivuta na tela la ngano, jekundu, kubwa kama nyumba.

"Jua," Ovidio alisema. "Jua limenipiga machoni."

Jua lilikuwa nyuma yao. Ofelia alifuta maji kwa kitambaa, akakaa sawa, kisha akaanza kuhadithia barabara kana kwamba anaisifia tu: lile lori jeupe linakuja, hapa daraja, ona yule kijana na baiskeli yake, maskini, na upepo wote huu. Alihadithia hivyo mpaka Bahía Blanca.

Fremu ya Salvatierra ilikuwa imewekwa juu ya meza mbili, nyeusi, inameremeta. Salvatierra mwenyewe alikuwa na sauti ya kuuzia dawa.

"Itazame, babu! Bibi harusi huyo!"

Ovidio hakuitazama. Aliipapasa. Vidole vyake vilipita juu ya chuma, vikarudi, vikasimama. Mahali pamoja karibu na shimo la bolti ya nyuma palikuwa laini mno. Chuma cha miaka arobaini hakiwi laini vile. Akatoa nyundo yake ndogo mfukoni, akagonga: ngi, ngi, ngi, kisha pale palipo laini, pu.

"Puti," alisema. "Umeziba ufa kwa puti ya mafundi rangi."

"Ka-puti kidogo! Urembo tu!"

Kisha Ovidio akatoa kamba yake. Ilikuwa kamba ya katani, ile ya kufungia marobota ya nyasi, imepakwa nta isivutike. Miaka arobaini alipima mashine za kuvunia kwa kamba ile, maana alisema namba za tepu huweza kusomwa vibaya na mtu aliyechoka, lakini kamba haichoki. Alimpa Ofelia ncha moja aishike kwenye shimo la mbele kushoto, akaivuta mpaka shimo la nyuma kulia, akafunga fundo. Kisha wakavuka: mbele kulia, nyuma kushoto. Fremu iliyonyooka, fundo hutua katikati ya shimo pande zote mbili.

Fundo halikufika. Lilipungukiwa na upana wa kidole kimoja.

"Kidole kimoja tu!" Salvatierra alicheka. "Babu, weka washa, kaza, nani ataona?"

Ovidio alisimama na kamba mkononi. Wiki tisa. Rohoni mtu alikuwa akimwambia ichukue, ichukue, kidole ni nini, kilomita sabini tu unataka! Aliizunguka ile meza mara tatu. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Kidole kimoja mbele, kwa mwendo wa kilomita tisini kwa saa, kinalivuta gari upande wa lori linalokuja, na pembeni yake angekaa Ofelia.

"Gari lililopinda kidole kimoja limepinda," alisema. "Ahsante."

Walirudi na pikapu tupu. Wiki nzima iliyofuata Ovidio hakukaa. Alichomelea kiraka kwenye fremu yake iliyooza, akakikata. Akachomelea kingine, akakikata nacho. Usiku alijigeuza kitandani mpaka Ofelia akahamia kwenye kochi. Mchana wa Alhamisi, mji mzima umelala, akavaa kofia yake na kuvuka reli kwa miguu.

Lango la yadi lilikuwa limefungwa kwa waya. Aligonga.

"Nani?" sauti nzito ilitoka ndani.

"Mimi."

"Mimi nani? Hata wezi huitwa mimi."

"Larralde."

Hatua zikaja mpaka langoni.

"Figo zimepona?" Rasmussen aliuliza.

Ovidio aliuma meno. "Zimepona."

"Miaka ishirini na sita! Yalikuwa mawe makubwa hayo." Lango likafunguka. Aksel Rasmussen alikuwa mrefu, mwekundu wa uso, kofia ya bluu ya Ford kichwani kama aliyezaliwa nayo. "Haya, Mbaski, sema. Hukuja kuniamkia."

"Ile Chevy ya milango minne. Nataka fremu ya mbele."

"Ile nyumba ya kuku wangu?"

Kweli kuku walikuwa wamehamia ndani, wanataga kwenye viti vya nyuma, na jogoo amejiwekea kiti cha dereva. Mbele kulikuwa na grisi ya zamani nene kama ugali uliolala, na juu yake kinyesi cha miaka. Ilikuwa inatia kichefuchefu. Ovidio alilala chini bila kungoja ruhusa, akaanza kukwangua kwa kisu na kugonga kwa nyundo. Ngi. Ngi. Ngi. Kila mahali ngi. Ile grisi mbaya ilikuwa imekilinda chuma kisioze.

"Shika hapa," alisema, akinyoosha ncha ya kamba.

Rasmussen alipiga magoti akinung'unika. Walivuta mara ya kwanza, fundo. Wakavuka. Ovidio aliweka kidole gumba juu ya shimo, na fundo lilikuwa palepale, katikati. Alipima mara ya pili, kisha ya tatu. Moyo ulimwenda mbio mpaka akaona aibu.

"Tepu ninayo mfukoni," Rasmussen alisema. "Kwa nini hutaki kupima kama binadamu?"

"Nimezoea kamba. Unataka nini, Mdenmaki?"

"Pesa zako sizitaki." Rasmussen alijipangusa magoti. "Dawa ya deni kulipa. Jumapili, saa kumi na mbili jioni. Kofia ninayo bado."

"Nina umri wa miaka sabini!"

"Mwenzio sabini na moja. Utapata pa kukaa kwenye Falcon, viti vyake laini kuliko vya kuku."

Ovidio alitoka akiapa hatarudi. Alifika kwenye reli, akasimama. Akageuka, akafika langoni, akageuka tena. Kama kungekuwa na mtu macho saa ile angedhani mzee anapima ardhi. Mwisho akapaza sauti kutoka nje, hakuingia hata.

"Mzunguko mmoja! Hata nusu zaidi sitaki!"

Jumapili watu walijaa plaza kama siku ya uhuru. Sijui nani alisema. Mimi siye. Rasmussen aliing'arisha Falcon kwa nta mpaka ungejiona kwenye mlango. Ovidio aliketi kulia, kwenye kiti cha abiria, kofia ya Ford imemshuka masikioni, mikono imebana magoti. Vijana walipiga honi. Mtu akaimba. Mwenye baa alitoka na kitambaa kilicholowa, akakiinua juu watu wakione: alikuwa akienda kufuta ukuta. Ovidio alitazama mbele moja kwa moja, uso wa jiwe.

Walipopita duka la aiskrimu Rasmussen alipunguza mwendo.

"Hukumwitikia mkeo," alisema.

"Yuko wapi?"

"Pale! Tumempita hatua tatu. Anakupungia."

Ovidio aligeuza kichwa upande kama kawaida yake, lakini walikuwa wameshapita. Rasmussen akamtazama, akaitazama barabara, akamtazama tena. Kicheko kilifutika usoni mwake.

"Tangu lini?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Tangu lini nini?"

"Mbaski."

Nyuma yao honi zililia. Ovidio alivua ile kofia, akaishika mapajani.

"Novemba," alisema. "Doa katikati. Halitibiki. Leseni inakwisha Aprili."

"Na Ofelia anajua?"

"Hajui."

"We mjinga kweli. Mwanamke amesimama juu ya benchi, umri ule, na kitambaa chekundu amekiinua kama bendera. Unadhani alikuwa ananipungia mimi?"

Walikuwa wamemaliza mzunguko mmoja, ule uliokubaliwa. Rasmussen hakusimama. Alizunguka tena polepole, akalipeleka gari karibu kabisa na ukingo, na safari hii Ovidio aliuona ule wekundu pembeni mwa jicho lake, unapepea, akainua mkono.

Mficha maradhi kifo humuumbua; Ovidio aliumbuliwa na kitambaa. Nyumbani Ofelia alimimina yerba, akampa kibuyu mkononi, akahakikisha amekishika.

"Tangu Desemba," alisema kabla hajaulizwa. "Uliponimiminia yerba mezani badala ya kwenye kibuyu, ukasema upepo. Ndani ya nyumba, upepo! Nimekungoja uniambie, mzee. Nimengoja mpaka nimechoka."

"Nilitaka nikupeleke Claromecó kwanza. Mwenyewe. Nikikwambia ungekataa."

"Nisingekataa."

"Ungekataa!"

"Gari likiisha, utaamua wewe. Ukikaa kwenye usukani, mimi nitakaa pembeni yako. Nimekaa hapo miaka arobaini na minne, nitaogopa leo?" Machozi yalikuwa yakimtoka na alikuwa amekasirika vilevile. "Lakini usinidanganye tena kuhusu jua."

Afadhali angekataa. Maneno yale yalimkaa Ovidio kooni kama mfupa, akalala nayo na kuamka nayo wiki zote zilizofuata.

Rasmussen aliileta fremu mwenyewe, imeoshwa, haina manyoya. Alisema amekuja kuishusha tu. Akashusha, akaona bushi za mpira zimewekwa kinyume, akatukana, akavua koti. Kesho yake alikuja tena kwa sababu alisahau koti. Keshokutwa hakutafuta kisingizio. Kofia ya Ford aliitundika msumarini mlangoni, eti isije ikaambukizwa. Rasmussen ndiye aliyekuwa macho, na Ovidio alikuwa vidole na masikio. Rasmussen akisema bolti imeingia, Ovidio anaigusa na kusema bado. Na kweli ilikuwa bado. Waligombana kutwa nzima. Ofelia aliwapelekea mkate na jibini na kuwaambia wanafanana na wanandoa waliokosa talaka.

Tarehe kumi na nane Aprili, saa nne asubuhi, Chevy ilikuwa chini kwa magurudumu yake manne. Leseni ilikuwa na siku mbili za uhai.

Ovidio alivaa shati jeupe. Aliketi kwenye usukani, Ofelia akaketi kulia na kapu la chakula miguuni, kama alivyosema. Rasmussen alisimama mtaani karibu na Falcon yake, mikono kifuani. Injini iliwaka mara ya kwanza. Ovidio alitia gia, akatoa gari bandani taratibu, mita tano, mita kumi, mpaka ukingo wa barabara. Usukani ulikuwa mwepesi mikononi mwake. Miaka kumi na tisa alikuwa akiingoja hisia ile, na ilikuwa tamu kuliko alivyodhani.

Akasimama ukingoni. Akageuza kichwa kushoto, akageuza kulia.

"Kuna kitu?" aliuliza.

"Hakuna," Ofelia alisema. Kisha, "Ngoja. Kuna mama na mtoto, wanavuka."

Ovidio alikaza macho. Aliliona lile doa, kijivu, tulivu, na pembezoni mwake nyumba, mti, anga. Mama hakumwona. Mtoto hakumwona. Alisikia viatu vidogo vikipita mbele ya boneti, vinakimbia, na sauti ikisema, "Shikamoo, don Ovidio! Limependeza gari!"

Alijibu salamu. Kisha mikono ikabaki juu ya usukani. Ofelia alikuwa ameketi vilevile, mgongo wima, mkanda ameufunga, macho mbele. Angekwenda naye. Hilo ndilo lililomvunja.

Alizima injini.

"Fremu ya Salvatierra," alisema, "ilipungua kidole kimoja. Nikaiacha palepale mezani."

"Najua. Nilikuwa nimeshika kamba."

"Kidole kimoja, Ofelia. Mimi nimepungua kiasi gani?"

Ovidio alilia, tena hakujificha, mbele ya Mdenmaki na mtaa mzima. Rasmussen aligeuka akaanza kukagua tairi la Falcon ambalo halikuwa na tatizo lolote. Halafu Ovidio akafungua mlango, akazunguka mbele ya gari mkono wake ukiwa juu ya boneti, akafika upande wa kulia.

"Sogea, bi mkubwa. Ulipeleka mikate ya watu kwa pikapu miaka ishirini. Hii nayo ni gari."

"Hujawahi kuniruhusu hata kuhamisha kiti chake."

"Ndiyo maana nasema sogea kabla sijabadili mawazo."

Alisogea. Alirekebisha kioo, akarekebisha kiti, akatia gia kwa nguvu hadi Ovidio akafumba macho kwa uchungu. Rasmussen alipanda Falcon, akawafuata nyuma, na spana zote kwenye buti. Alisema ni kwa sababu chuma kile anakijua, ni cha nyumba ya kuku, na hakiamini.

"Yuko nyuma yetu?" Ovidio aliuliza walipotoka mjini.

"Yuko nyuma."

"Ford nyuma ya Chevrolet! Muulize kila mtu kama ameona!"

Barabara ya kwenda Claromecó haina kona za maana. Ni mstari kati ya mashamba, upande huu alizeti zilizokauka, upande ule ng'ombe, na asubuhi ile ilikuwa tupu mpaka mwisho wa macho ya Ofelia. Ovidio hakutazama nje. Aliweka kiganja kwenye sakafu, kisha kwenye dashibodi, kisha kwenye mlango. Alikuwa akitafuta mtetemo, mvuto, kitu chochote kisicho sawa. Mguu wake ulikuwa ukicheza.

"Linavuta upande?" aliuliza.

"Halivuti."

"Una hakika? Hata kidogo?"

"Mzee, utaniua kwa maswali."

"Kuna gari mbele?"

"Hakuna kitu. Barabara tupu."

Ovidio akarudisha kiganja sakafuni.

"Basi achia usukani."

"Nini?"

"Mpaka hesabu ya tatu. Achia."

Ofelia aliinua mikono yote miwili kutoka kwenye usukani, akaishika wazi hewani. Ovidio alihesabu kwa sauti, kiganja chake kimebana sakafu. Moja. Mbili. Tatu. Gari lilikwenda limenyooka, likafuata barabara lenyewe, wala halikupepesuka.

"Shika," alisema. Uso wake ulikuwa umelowa tena, safari hii akicheka. "Shika, Ofelia. Sasa nihadithie barabara."

Akamhadithia: alizeti hizo, kinu cha upepo hicho, ng'ombe mweupe peke yake, mbingu imeanza kubadilika rangi kule mbele, nadhani ni bahari.